Kidonda cha mama kwenye ulimi, wiki ya nne sasa

Dada, pole, na mfikishie mama shikamoo yangu hapo Moshi. Umesema kidonda kiko pembeni mwa ulimi, hakiumi sana, na duka la dawa wameshakupa antibayotiki mara mbili. Achana nazo. Kidonda cha kawaida cha mdomoni hufunga ndani ya wiki mbili. Kikizidi hapo lazima daktari wa kinywa akione.

Kabla hamjaondoka nyumbani, mkalishe mlangoni penye mwanga, atoe ulimi, uushike ncha kwa kitambaa safi na kuuvuta taratibu upande. Tazama jino lililo mkabala na kidonda. Kama limevunjika na lina ncha kali, huenda ndilo linalomkwaruza kila akitafuna. Litasawazishwa au kung'olewa. Kisha gusa kingo za kidonda: zikiwa ngumu kama gegedu, au ukikuta tezi imevimba chini ya taya, usingoje hata jino lishughulikiwe. Nendeni KCMC, hospitali ya rufaa hapo Moshi, wiki hii.

Huko watampiga ganzi, wakate kinyama kidogo kipelekwe maabara. Hakuna kipimo kingine cha kuthibitisha kama ni saratani au siyo, hata picha ya eksirei haitoshi. Majirani watakwambia kisu "kinaamsha" ugonjwa. Si kweli.

Na ugoro, kama anaweka mdomoni, mwambie daktari wazi hata mama akikukonyeza. Meno ya kahawia uliyoyataja huenda ni floridi, madini yaliyomo kwenye maji yetu ya huku, hayahusiki na kidonda.