Sindano ya kupunguza uzito: kabla hujachukua mkopo

Dada uliyeuliza kama ukope kwenye kikoba ununue sindano za semaglutaidi, maana umetembea jioni miezi miwili na mizani haijasogea huku sukari imeanza kupanda: nimesoma majibu na wengi wamekusimanga tu. Mimi nimechoma sindano hiyo miezi saba hapahapa Dar, niliandikiwa na daktari. Nikueleze yaliyonikuta.

Dawa inafanya kazi, asikudanganye mtu. Inaiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo umeshiba, na chakula kinachelewa kutoka tumboni. Wiki ya tatu nilishuka daladala Mbezi Mwisho saa moja usiku, chipsi zinakaangwa pembeni, nikapita kama sikuona kitu. Kwa mtu ambaye njaa haimwachi hata akitoka kula, ile ni nafuu kubwa mno. Nilitoka kilo 103 hadi 91. Kwenye utafiti uliochapishwa 2021, waliochoma kwa wiki 68 walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao. Waliochomwa sindano isiyo na dawa, asilimia 2.4. Na wote walikuwa wakipewa ushauri wa mlo na mazoezi. Kwa hiyo wanaosema unene ni uvivu tu waache.

Kosa langu ni kwamba njaa ilipokata niliacha kujali ninachokula. Asubuhi chai ya sukari na andazi, mchana soda, usiku vijiko viwili vya wali. Dagaa na maharage, vyakula vya kujenga misuli, vilinitia kichefuchefu nikaviacha. Kutembea nako nikaacha, kwani si napungua? Mwezi wa tano wa sindano maji yalikatika, nikapandisha ndoo ya lita 20 hadi ghorofa ya pili, magoti yakatetemeka njia nzima. Daktari akaniambia sikupoteza mafuta peke yake, na misuli imekwenda. Misuli ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya sukari tunayokula, sasa mtu ambaye sukari yake inapanda akiipoteza amejiumiza.

Januari ada za watoto zikabana, nikasimamisha dawa. Njaa ilirudi kabla mwezi haujaisha, na kilo nane zikarudi. Washiriki wa utafiti ule waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya walichopunguza. Ndiyo maana huo mkopo unanitia hofu: utamaliza kulipa, na dawa bado utaihitaji.

Tena usinunue kwa mtu wa mtandaoni anayekuletea kwa bodaboda. Kalamu ya sindano ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na umeme wetu unaujua. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya Ozempic bandia, na Ozempic ni jina la dukani la hiyo semaglutaidi.

Sasa hiyo mizani yako. Marekani walifuatilia watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, matokeo yakatoka 2002. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Kwa kundi lililomeza metformini, vidonge vya kushusha sukari, asilimia 31. Mimi leo nina kilo 97, bado mnene, lakini kipimo cha sukari cha miezi mitatu, yaani cha wastani wa sukari ya miezi mitatu iliyopita, kimetoka asilimia 6.3 hadi 5.8 na kiuno kimepungua sentimita nane. Nashuka vituo viwili kabla ya nyumbani. Matembele au mchicha nusu sahani, samaki, ugali wa ngumi moja, chai bila sukari. Kila asubuhi nasimama na kukaa kwenye kiti mara 30 bila kushika kitu, na hiki ndicho kilichonirudishia miguu.

Kwa hiyo wiki hii kapime sukari ya miezi mitatu, na kiuno kipime kwa futi ya fundi cherehani. Daktari akisema sindano inakufaa, ichome bila aibu, ila mwulize utaitumia muda gani, upige hesabu ya miaka, si ya miezi. Na siku ya kwanza ya sindano dagaa wawe tayari jikoni, hata kama utakula kijiko kimoja kimoja. Majibu yakitoka yaandike hapa, nitakuwa nafuatilia.