Je, kujipenda ni kiburi?

SWALI: Asalaam alaykum, Sheikh. Nimezaliwa Singida, nimeolewa hapa Dodoma, nauza karanga na ubuyu Soko la Majengo. Meno yangu ni ya kahawia tangu utotoni kwa sababu ya maji ya kisima. Nikicheka najiziba mdomo kwa kanga. Mawifi wakicheka pembeni naona wananicheka mimi, tumegombana mpaka hatusalimiani. Mume wangu akinisifu nahisi ananidanganya. Shoga yangu ananiambia nijipende kwanza, lakini naogopa kuwa hicho ni kiburi.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, hicho si kiburi. Mtume (s.a.w.) alipokikemea kiburi, mtu mmoja aliuliza: vipi anayependa nguo na viatu vyake viwe vizuri? Akajibu: “Hakika Allah ni Mzuri na anapenda uzuri. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu.” Ameipokea Imam Muslim kutoka kwa Ibn Mas'ud. Katika maelezo yako sioni uliyemdharau ila nafsi yako, nayo imo katika wale ambao Allah amesema: “Na hakika tumewatukuza wanaadamu” (Qur'ani 17:70).

Msikilize Zahir. Alikuwa bedui, sura yake haikuwa ya kuvutia, na akija Madina humletea Mtume zawadi za huko kwao. Siku moja yuko sokoni anauza vitu vyake kama wewe, Mtume akamjia kwa nyuma akamkumbatia. Zahir akasema: “Nani huyu? Niachie!” Alipogeuka akamtambua, akazidi kuubana mgongo wake kwenye kifua cha Mtume. Mtume akamtania: “Nani atamnunua mtumwa huyu?” Zahir akasema: “Ewe Mtume wa Allah, basi utanikuta sina mnunuzi.” Akamwambia: “Lakini mbele ya Allah wewe una thamani kubwa.” Kisa hiki amekipokea Imam Ahmad kutoka kwa Anas.

Mtume hakubishana naye juu ya sura. Alimkumbatia mbele ya watu, kisha akamjulisha thamani yake iko kwa nani. Nami sikuambii meno yako ni meupe. Yaliharibiwa na madini ya floridi yaliyomo majini wakati yanaota. Si kosa lako.

Sasa mawifi. Mtume amesema haamini mmoja wetu mpaka ampendelee nduguye anachoipendelea nafsi yake. Kipimo ulichopewa ni nafsi yako! Usipoitakia heri nafsi hiyo, utampimia nani, na kwa kipimo gani? Ndiyo maana kicheko cha pembeni kinakuwa tusi, na sifa ya mume inakuwa uongo. Kama kweli wanakucheka, dhambi ni yao, Qur'ani imekataza kudharauliana (49:11). Kama huna hakika, aya inayofuata inakukataza wewe dhana mbaya.

Ukipata uwezo, nenda kwa daktari wa meno. Kilichokatazwa ni kuchonga meno kwa kutafuta urembo tu. Kutibu kasoro wanazuoni wamekuruhusu. Na kama wanao wanakunywa maji ya kisima kama kile, watafutieni maji mengine, maana kuchemsha hakuondoi floridi.

Mume akikusifu, itikia “Alhamdulillah”, usimbishie. Na mawifi uanze wewe kuwasalimia leo, kwani si halali kumsusa ndugu yako zaidi ya siku 3, na mbora ni anayeanza kwa salamu. Wallahu aalam.