Sukari ya mgonjwa wa ICU (chumba cha mahututi): nilichojifunza saa tisa usiku

Mzee wa kitanda cha pili alikuwa na nimonia kali, mashine inampumulia, sukari ya damu 16 (mmol/L), juu mno. Mwanawe akanivuta pembeni: "Sista, baba kisukari kakipata lini?" Nikamwambia huenda hana. Mwili ukielemewa na ugonjwa humwaga homoni za kotisoli na adrenalini, ini nalo linaachia sukari, insulini, homoni ya kushusha sukari, inazidiwa nguvu. Ukiongeza na dawa za steroidi, ndiyo kabisa.

Tukamwanzishia insulini kwa pampu, yuniti 50 kwenye mililita 50 za normal saline (maji ya chumvi). Saa nane usiku tukayasimamisha maziwa ya mpira wa puani ili apelekwe CT skani. Maziwa yakasimama, insulini nikaiacha inaendelea. Saa tisa namchoma kidole: 2.6, imeporomoka! Mtu aliye kwenye dawa ya usingizi hakwambii kwamba anatetemeka au ana njaa. Tukampa dekstrosi (sukari ya mshipani) ya asilimia 50, ikapanda. Aliyetetemeka ni mimi.

Tangu siku ile, chakula kikisimama kwa sababu yoyote, mkono wangu wa kwanza unakwenda kwenye pampu ya insulini. Naipunguza au naizima kwa maelekezo ya daktari, na sukari naipima baada ya nusu saa, sisubiri saa izunguke.

Wauguzi wapya wanapenda kuiona sukari ya mgonjwa 5. Siwalaumu, hata wakubwa walipita huko. Mwaka 2001 utafiti wa Leuven, Ubelgiji, ulionyesha wagonjwa wa upasuaji walio ICU sukari yao ikibanwa kati ya 4.4 na 6.1 vifo vinapungua, dunia ikafuata. Mwaka 2009 ukaja utafiti mwingine, NICE-SUGAR, wagonjwa zaidi ya 6,000: waliobanwa sana walikufa zaidi, na sukari kuporomoka ikawapata wengi zaidi. Ndiyo maana siku hizi tunaanza insulini ikivuka 10, na tunamweka mgonjwa kati ya 7.8 na 10.

Kingine, kipimo cha kidole hudanganya. Mgonjwa akiwa kwenye shoku (damu haimfikii vizuri mwilini), vidole vya baridi, chukua damu ya ateri. Wala usichukue kwenye mkono unaopitisha dripu ya dekstrosi, utatibu dripu. Potasiamu (madini ya damu) nayo iangalie kabla ya insulini, maana insulini huivuta iingie ndani ya seli na moyo ukayumba.

Asubuhi mwanawe akachungulia chati. "Tisa? Mbona hamuishushi iwe kama yangu?"

"Kwa baba yako," nikamwambia, "tisa inatutosha."