Mzizi mtamu ulionilaza Guangzhou

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nimeletewa gan cao kutoka China, nachemsha kila asubuhi badala ya chai. Kuna ubaya?" Nikashtuka.

Gan cao ni ndugu wa karibu wa urukususu wanaoujua wazee wa Pwani: vipande vya manjano vyenye ganda la kahawia, utamu wake unang'ang'ania ulimini. Wachina huitia katika michanganyiko mingi ili ipatanishe dawa nyingine, ndiyo maana huiita pia guolao, mzee wa taifa.

Nilikuwa Guangzhou nafuata nguo, kikohozi kikanishika. Mganga wa mitishamba akanipa pakiti za siku 5, ndani vipande vichache tu vya gan cao. Nikapona. Ningeishia hapo! Nikaenda soko la Qingping, nikanunua nusu kilo, nikawa nashindia chupa nzima ya chai yake. Wiki 6.

Asubuhi moja viatu vikagoma kuingia. Nikabonyeza kidole juu ya kifundo cha mguu, shimo likabaki. Ngazi nilipanda nikishika ukuta. Hospitali presha ikasoma 178 kwa 104, mimi ambaye sijawahi kuwa na presha, na potasiamu kwenye damu imeshuka. Daktari akauliza natumia dawa gani. Nikajibu hakuna, kwa sababu mzizi sikuuhesabu kuwa dawa. Alipouliza nakunywa nini ndipo tukafika. Ndani ya gan cao mna glisirizini: inaufanya mwili ushike chumvi na maji, potasiamu ipotee kwenye mkojo.

Wakati nimelala, mwenzangu niliyepanga naye chumba akawaambia wateja wangu nimerudi nyumbani, akachukua oda zangu 2. Hilo bado linaniuma kuliko miguu. Lakini mzigo wangu uliofuata ulifika bandarini Dar, na niliusimamia mwenyewe.

Basi mdogo wangu, nisikilize. Acha hiyo chai leo. Kitabu rasmi cha dawa cha China kinataja gramu 2 hadi 10 kwa siku, na ni kwa mgonjwa aliyeandikiwa, si kwa mtu anayetafuta kinywaji kitamu. Mwenye presha, mwenye figo mbovu, mjamzito, anayemeza vidonge vya kukojosha: msiiguse. Ukienda kwa daktari taja kila unachochemsha, hata kama ni mzizi, hata kama ulipewa na shangazi. Taja!

Ukishapima presha niandikie namba zilizotoka, hata iwe usiku.