Leseni ya LCSW: anza na bodi ya jimbo, kisha mtafute msimamizi

Nawaandikia ninyi mliosomea ustawi wa jamii Kijitonyama, Makerere au Nairobi, na sasa mko Marekani mkifanya shifti za usiku kwenye nyumba za wazee au mkitafsiri hospitalini. Nawaandikia pia wadogo zangu mliokuja hapa mkiwa watoto kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma, mkasomea hapa hapa, na sasa mnafikiria kazi hii. LCSW ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii mwenye ruhusa ya kumtathmini mtu, kutambua ugonjwa wake wa akili na kumtibu kwa mazungumzo, akalipwa na bima, bila mtu mwingine kusimama nyuma yake. Dawa haandiki. Mengine mengi ya tiba ya akili anayafanya.

Leseni hiyo inafikika. Wenzetu ninaowaona wakikwama wana akili na wana bidii, ila walianza na chuo, na bodi ya jimbo wakaikumbuka mwishoni.

Marekani haina leseni moja ya nchi nzima kwa kazi hii. Kila jimbo lina bodi yake, sheria zake na hata jina lake. Texas na California wanaita LCSW. Minnesota na Massachusetts wanaita LICSW. Maryland ni LCSW-C. Ohio ni LISW. Texas inadai saa 3,000 za kazi ya kliniki chini ya msimamizi. Minnesota inadai saa 4,000. California nayo inadai 3,000, lakini inaongeza mtihani wake wa sheria na maadili. Kwa hiyo kabla hujalipa ada ya maombi ya chuo chochote, fungua tovuti ya bodi ya jimbo unalotarajia kuishi miaka mitano ijayo, usome kanuni zao mwanzo hadi mwisho. Kama mume au mke wako anatafuta kazi jimbo jingine, soma za huko pia. Upo mkataba wa majimbo, ulioanza na Missouri mwaka 2023 na kupata majimbo saba yaliyohitajika mwaka 2024, wenye lengo la kumwezesha mtu mwenye leseni moja kufanya kazi katika majimbo yote yaliyoingia. Ni habari njema, lakini usiupangie maisha. Panga kwa kanuni za jimbo lako.

Shahada uliyokuja nayo haitupwi. CSWE, baraza linaloidhinisha programu za ustawi wa jamii nchini hapa, lina huduma ya kupima shahada za nje. Wakikubali kwamba shahada yako ya kwanza inalingana na BSW (shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii) ya hapa, vyuo vingi vitakufikiria kwa njia fupi ya MSW (shahada ya uzamili), ambayo huchukua kama mwaka mmoja badala ya miwili. Usikimbilie tathmini ya vyeti ya jumla, ile ambayo waajiri wengi huiomba, ukadhani umemaliza. Kwa leseni hii bodi hutaka kujua CSWE inasemaje. Na anza kuiandikia masijala ya chuo chako cha nyumbani leo, maana matokeo yanatakiwa yatumwe na chuo chenyewe. Nakala uliyoibeba kwenye begi haitakusaidia. Kama una ndugu anayeweza kwenda pale ofisini kufuatilia, mwombe.

MSW utakayosoma hapa lazima iwe ya programu iliyoidhinishwa na CSWE. Kusoma kwa mtandao si tatizo, mradi programu iwe na idhini. Ndani yake kuna mafunzo ya vitendo ya saa zisizopungua 900, na mara nyingi hayalipwi. Hapo ndipo wenye familia wanapoumia, hasa mtu anayetuma pesa nyumbani kila mwezi. Waulize chuo, kabla hujajiunga, kama unaweza kufanya mafunzo hayo mahali unapoajiriwa kwa majukumu tofauti. Vyuo kadhaa vinaruhusu. Uliza pia kuhusu ufadhili wa Title IV-E, ambao ni pesa za serikali kuu kwa wanafunzi watakaokubali kufanya kazi ya ulinzi wa watoto baada ya kuhitimu. Mpango wa NHSC, unaolipa mikopo ya wenye leseni wanaohudumia maeneo yenye uhaba, unataka uraia, grinkadi haitoshi.

Neno kwa wenye viza ya wanafunzi, F-1, kwa sababu hili halisemwi mapema inavyopaswa. OPT yako, yaani ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu, ni miezi 12. Ustawi wa jamii haumo kwenye orodha ya masomo ya sayansi na teknolojia yanayoongezewa muda. Saa 3,000 za Texas haziruhusiwi kukamilika chini ya miezi 24. Piga hesabu mwenyewe. Unahitaji mwajiri atakayekuombea viza ya kazi, na vyuo vikuu pamoja na taasisi zisizo za faida zilizoungana navyo hazibanwi na ukomo wa idadi unaowekwa kila mwaka kwa viza hiyo, H-1B. Hospitali ya chuo kikuu basi iwe juu kabisa kwenye orodha yako ya mahali pa kufanyia mafunzo.

Sasa nije kwenye kiini. Ukihitimu unapata leseni ya kwanza, hapa Texas inaitwa LMSW, kwa mtihani wa ngazi hiyo na mtihani wa sheria za jimbo. Kisha inakuja miaka ya usimamizi, na hii ndiyo inayokufanya kuwa mtabibu. Texas inataka zile saa 3,000 zikamilike kati ya miezi 24 na 48, na ndani ya muda huo saa 100 za kukaa na msimamizi mwenye LCSW-S, yaani LCSW aliyeidhinishwa na bodi kusimamia wengine.

Kosa kubwa la wenzetu ni kudhani kwamba kazi yoyote ya kusaidia watu inahesabiwa. Wengi wetu tunaanzia mashirika ya kupokea wakimbizi, kwa sababu Kiswahili chetu kinahitajika pale. Ni kazi ya heshima: unampokea mtu uwanja wa ndege, unamtafutia nyumba, unampeleka kuandikisha watoto shule. Lakini hiyo ni kazi ya kuratibu huduma. Kliniki maana yake ni kutathmini, kutambua ugonjwa, kuandika mpango wa tiba na kutibu. Kabla hujasaini mkataba wa kazi, chukua maelezo ya kazi yaliyoandikwa, yalinganishe na tafsiri ya kliniki kwenye kanuni za bodi, na mwonyeshe msimamizi. Vituo vya afya ya akili vya kaunti, hospitali na zahanati za jamii kwa kawaida vinakupa saa halali. Vituo vya kusafisha figo huajiri wenye MSW kwa sababu kanuni za serikali kuu zinavitaka viwe nao, lakini huko pima kwa makini ni kiasi gani cha siku yako kitakuwa kliniki kweli.

Na saa hazianzi kuhesabiwa siku unayoanza kazi. Kuna mpango wa usimamizi unaopelekwa bodi kwanza. Namfahamu mwenzetu aliyefanya kazi nzuri mwaka mzima huku karatasi hiyo ikiwa kwenye droo ya mtu mwingine. Saa zote zile zikapotea. Weka daftari lako mwenyewe la kila wiki, lenye tarehe, saa na sahihi. Msimamizi akihama, au wewe ukihama, fomu ya kuthibitisha saa isainiwe kabla hamjaagana. Ukisubiri miaka miwili, utamtafuta na hutampata.

Kumchagua msimamizi ni uamuzi mkubwa kuliko kuchagua chuo. Wapo waajiri wanaokupa msimamizi bure. Wengine watakuacha umlipe wako, na hiyo inaweza kufika dola mia kadhaa kwa mwezi. Mimi ningechukua kazi yenye mshahara mdogo kidogo na msimamizi mzuri ndani yake. Angalia jina lake kwenye tovuti ya bodi kama amewahi kuadhibiwa. Muulize amewafikisha watu wangapi kwenye leseni. Muulize amewahi kufanya tiba kupitia mkalimani. Kisha muulize hufanya nini mwanagenzi anapokuwa na maoni tofauti na yake, na umsikilize kwa makini anavyojibu.

Swali hilo la mwisho linatuhusu zaidi sisi. Tumelelewa kwamba mkubwa akisema, unaitikia. Ukiingia kwenye chumba cha usimamizi na adabu hiyo, utakuwa unapeleka kesi zilizokwenda vizuri na kuficha zilizokushinda, na msimamizi ataandika kwamba huna shida au, vibaya zaidi, kwamba hufikiri. Peleka ile kesi iliyokukosesha usingizi. Sema, "Hapa sikujua la kufanya." Sema, "Sikubaliani na wewe, na sababu yangu ni hii." Kwa tamaduni ya hapa hujamvunjia heshima, na mteja wako ndiye anayefaidika.

Ukimaliza saa, unakaa mtihani wa kliniki wa ASWB, muungano wa bodi za ustawi wa jamii. Kwa miaka mingi umekuwa na maswali 170, ambayo 150 ndiyo yenye alama, kwa saa nne. ASWB huupitia upya mara kwa mara, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka wako. Mwaka 2022 ASWB yenyewe ilichapisha matokeo kwa makundi. Kati ya 2018 na 2021, karibu asilimia 84 ya watahiniwa Wazungu walifaulu mtihani huo kwa mara ya kwanza. Kwa watahiniwa Weusi ilikuwa asilimia 45. Takwimu hizo zimezua mjadala mkali, na ni haki uwepo. Illinois iliondoa mtihani kwa leseni yake ya ngazi ya chini. Wakati mjadala unaendelea, wewe bado unatakiwa ufaulu. Kama Kiingereza si lugha yako ya kwanza, uliza mapema kama jimbo lako linaruhusu muda wa ziada au kamusi. Pale inaporuhusiwa, hiyo si huruma, ni haki yako, na usione aibu kuiomba. Hakikisha pia jina kwenye kitambulisho linafanana na la usajili herufi kwa herufi. Sisi tuliobadilishiwa mpangilio wa majina kwenye makaratasi ya uhamiaji tunalijua tatizo hili.

Kinachotuangusha mara nyingi kwenye mtihani ni kwamba tunajibu kama shangazi. Chukua swali la aina hii: mjane halali usingizi, hali chakula, anakwambia haoni tena sababu ya kuishi. Ufanye nini kwanza? Machaguo ni kumwita dada yake, kumpa rufaa kwa daktari wa akili, kumfariji kwa msiba, au kumuuliza kama amefikiria kujiua na kama ana mpango. Moyo wa kwetu unakwenda kwa dada yake, maana msiba ni wa ukoo. Na kuuliza habari ya kujiua waziwazi kunatisha. Tunaona kama kumwombea mtu mabaya. Jibu ni kuuliza. Usalama unatangulia, na kutathmini kunatangulia kutenda. Fanya mazoezi ya kulitamka swali hilo kwa Kiswahili na Kiingereza hadi ulimi uzoee, kwa sababu siku moja hautakuwa mtihani.

Jihadhari pia na tofauti ya mtihani na sheria ya jimbo. Wanafunzi wote hufundishwa kesi ya Tarasoff ya California, ya 1976, iliyoweka wajibu wa mtabibu kumlinda mtu anayetishiwa na mteja. Mahakama ya Juu ya Texas mwaka 1999, katika kesi ya Thapar, ilikataa kuweka wajibu wa kumwonya huyo anayetishiwa. Kwenye mtihani unajibu kwa misingi ya jumla ya taaluma. Kazini unafuata sheria ya pale ulipo, ukimpigia msimamizi kwanza.

Baada ya leseni, watu wetu watakutafuta. Watakutafuta kanisani, msikitini, kwenye kikundi cha WhatsApp cha msiba. Mama wa Uvira ambaye mwanawe yuko darasa moja na wako atataka umsikilize sebuleni kwake, akupikie, kisha akupe kitenge. Kanuni za maadili za NASW, chama cha kitaifa cha wafanyakazi wa ustawi wa jamii, zinakataza mahusiano mawili na mteja pale yanapoweza kumdhuru, na katika jumuiya ndogo kama zetu hilo linakukuta kila wiki. Zungumza naye siku ya kwanza: tukikutana sokoni sitakusalimia mpaka unisalimie wewe; habari yako sitamwambia mchungaji wala mumeo; lakini nikisikia mtoto anaumizwa, sheria inanilazimisha kuripoti. Aseme ameelewa kabla hajaanza kufunguka. Ndugu na rafiki wa karibu mpe mwenzako, hata akinuna.

Na Kiswahili chako usikiamini kupita kiasi. Mtu aliyezaliwa Kivu na kukulia kambi ya Nakivale, Uganda, hasemi kama wa Temeke. Uliza anachomaanisha, hata pale unapodhani umeelewa. DSM, kitabu cha kutambulia magonjwa ya akili, ina mahojiano ya kitamaduni yenye maswali 16, yanayomuuliza mteja yeye mwenyewe analiitaje tatizo lake na anadhani limetoka wapi. Yatumie hata kwa mtu wa kabila lako.

Wasimamizi wanaojua Kiswahili ni wachache mno, na vijana wetu wengi hufanya tiba kwa Kiswahili huku wakisimamiwa na mtu asiyeweza kusikiliza hata dakika moja ya kikao chao. Kwa hiyo ukishakuwa na uzoefu wa kutosha, chukua kozi ya usimamizi ya saa 40 ambayo Texas inaidai, uombe hadhi ya LCSW-S. Yupo mtu sasa hivi, mwenye LMSW na saa mia chache, anayehitaji kupiga simu na kueleza kesi yake kwa lugha ileile aliyoisikia.