Kufuli Haizuii Kutu

Juzi msomaji kaniandikia, kanunua sefu mpya ya bunduki, nzito haswa, miezi minne tu kafungua kakuta kutu kwenye mtutu, sasa anauliza kama kauziwa bunduki feki. Ndugu yangu, meseji yako imenigusa pabaya kwa sababu mimi yalinikuta hayohayo, tena kwa bunduki ya marehemu baba.

Ya mitutu miwili, kitako cha mti. Mzee aliifungia kwenye kabati la mbao na haikupita wiki hajaipitishia kitambaa chenye mafuta. Nilipoirithi mimi nikaivalisha ala yake ya ngozi, nikaitia kwenye sefu, nikafunga, nikaona nimemaliza. Masika yote sikuifungua. Siku nafungua, harufu ya ukungu kwanza, navuta ala nakuta vidoa vya kutu vinne vimejipanga kwenye mtutu, naweka vidole vyangu juu yake vinaenea kabisa, yaani ni pale pale nilipoishika na mkono wenye jasho, na jasho ni chumvi. Kutu niliitoa, vishimo vimebaki. Baba mdogo akaiangalia akasema, "Kaka hakuwahi kuiacha hivi." Mpaka leo neno hilo linaniuma.

Sefu inazuia mwizi na watoto, hapo sina ubishi nayo. Ila unyevu ukishaingia unakaa humohumo, zulia la ndani linaushika, ngozi inaushika zaidi, na sefu ikikaa juu ya zege tupu unapanda kutoka chini. Usiku chuma kinapoa, kinatoa jasho.

Cha kwanza nunua haigromita, kile kipimo cha unyevu wa hewa, bila kipimo unabahatisha tu. Ya kwangu niliijaribu kwa kuifungia kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na kifuniko cha chupa chenye chumvi iliyoloweshwa kidogo, baada ya masaa kadhaa inatakiwa isome asilimia 75. Ndani ya sefu lenga asilimia 40 mpaka 50, ikizidi 60 kutu inakimbia, ikikauka mno kitako kinapasuka. Silika jeli, zile punje za kufyonza unyevu, ni nzuri lakini inashiba! Ile ya bluu ikigeuka pinki ujue imejaa maji, ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 hivi mpaka bluu irudi, watu wanaweka pakiti moja wanaisahau miaka. Kama una umeme karibu weka fimbo ya joto ndani ya sefu, chini kabisa, haifyonzi maji, inapasha hewa tu ili chuma kisitoe jasho.

Na mafuta, jamani, mafuta. Ukishaishika ifute kabla hujafunga, kila mara, hata kama umechoka, hata kama umeigusa sekunde moja. Kitu cha mzazi hakiwekwi kikasahaulika.

Leo asubuhi kipimo changu kimesoma 46, mtutu mkavu, na nimempigia baba mdogo nikamwambia. Wewe uliyeniandikia, kama bado iko ndani ya ala, itoe leo leo.