Mtoto mwenye mzio wa mpira: glavu zisizo na poda hazitoshi!

Dada, Jumatatu usimwingize mwanao chumba cha upasuaji hivyo hivyo. Umesema ana mgongo wazi, alivimba midomo alipopuliza puto, na muuza dawa kakuambia upeleke glavu zisizo na poda mambo yaishe. Ukauliza na kama aache ndizi, na mambo ya shule, na gharama. Hayo baadaye. Ushauri huohuo nilipewa mimi, nusura nimzike mtoto.

Shida ni protini ya utomvu wa mti wa mpira. Glavu ya mpira ikikosa poda, bado ni utomvu uleule! Poda huibeba tu protini hiyo hewani, ndiyo maana Marekani walipiga marufuku glavu za poda mwaka 2017.

Wangu alilazwa usingizi salama, wakaanza kupasua. Kama nusu saa hivi, presha ikaporomoka na kifua kikabana. Alikuwa kafunikwa mashuka, nani angeona ngozi? Daktari wa usingizi aliniambia walipofunua walikuta tumbo lote mabaka mekundu. Wakawahi kumchoma adrenalini, sindano ya kuokoa mtu aliyezidiwa na mzio.

Na yule aliyeniambia "hazina poda, hazina shida" hakuuliza hata kama mtoto amewahi kupasuliwa. Alitaka kuuza boksi. Mpaka leo nikipita pale damu inanichemka. Watoto wa mgongo wazi hushikwa kwa glavu tangu wanazaliwa, wanapasuliwa tena na tena, wengine hutolewa mkojo kwa mpira kila siku. Ndio hasa wanaopata mzio huu, na mtu wa dawa alipaswa kulijua hilo.

Mtafute daktari wa usingizi mwenyewe. Usimwachie ujumbe mtu wa mapokezi. Mwambie puto lilimfanya nini, na umwone akiandika kwenye faili: mzio wa mpira asilia. Omba mtoto awe wa kwanza asubuhi, kabla glavu za upasuaji mwingine hazijachafua hewa. Glavu ziwe za nitraili, mpira wa mkojo uwe wa silikoni, maana hizo hazina utomvu, na adrenalini iwe tayari pale pale. Piriton, ile dawa ya mzio uliyoweka kwenye mkoba, haitamzuia kuzidiwa.

Wakikujibu glavu zao hazina poda, waulize zimetengenezwa kwa kitu gani. Usisaini fomu ya upasuaji mpaka uoneshwe boksi.

Piga simu leo, kesho Jumapili huenda usimpate.